Mwongozo Kamili wa Kusoma Hataza ya Kifaa cha Mitambo: Kutoka Mchoro hadi Karakana

Fundi anayetaka kutengeneza kifaa kipya, au kuboresha kile ambacho watu wanakitumia kila siku, ana maktaba kubwa ambayo wengi hupita mlangoni pake bila kuingia. Maktaba hiyo ni nyaraka za hataza. Kila mvumbuzi aliyepewa hataza alilazimika kueleza kwa maandishi na michoro namna kifaa chake kinavyofanya kazi, kwa ukamilifu wa kumwezesha fundi mwenye ujuzi wa fani hiyo kukitengeneza mwenyewe. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuitafuta hataza ya kifaa cha mitambo, kuisoma bila kudanganyika, kujua kama bado ina nguvu, na kuitumia karakanani. Nimeandika zaidi kuhusu kusoma madai, yaani zile sentensi zenye namba zinazoweka mipaka ya ulinzi, kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi hodari hukwama: huutazama mchoro, wakauelewa vizuri kabisa, kisha wakadhani wameielewa hataza.

Hatua ya kwanza: kujua hataza inatoa nini

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na dola. Mvumbuzi hufichua siri yake hadharani, na dola humpa haki ya kuwazuia wengine kukitengeneza, kukitumia, kukiuza au kukiingiza nchini kifaa hicho kwa muda maalumu. Mapatano ya namna hii yana umri mkubwa: Venice ilitunga sheria yake mwaka 1474, Uingereza ikaweka kikomo cha miaka 14 katika sheria ya mwaka 1624, na Marekani ikapitisha sheria yake ya kwanza mwaka 1790. Leo, kwa mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zinatakiwa kutoa ulinzi usiopungua miaka 20 kuanzia tarehe ya kuwasilisha ombi.

Neno la kushika hapo ni kuzuia. Hataza haimpi mwenyewe ruhusa ya kutengeneza chochote. Inampa uwezo wa kumzuia mwingine. Historia ya cherehani inalionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1846 Elias Howe alipata hataza ya Marekani kwa cherehani iliyotumia sindano yenye tundu karibu na ncha pamoja na kijisanduku cha uzi wa pili kinachopita upande wa chini. Miaka mitano baadaye Isaac Singer akapata hataza ya mashine yake, ambayo ilikuwa nzuri zaidi kwa kazi, sindano yake ikipanda na kushuka wima juu ya meza bapa. Hataza ya Singer ilikuwa halali, lakini mashine yake haikuweza kushona bila ile sindano ya Howe, kwa hiyo alishitakiwa na hatimaye akalazimika kulipa. Mwaka 1856 kampuni kubwa za cherehani pamoja na Howe ziliamua kuziweka hataza zao katika chungu kimoja na kugawana ada, mpango uliodumu hadi mwaka 1877. Kwa hiyo, unapoboresha kifaa cha mtu, uboreshaji unaweza kuwa wako, na msingi ukabaki kuwa wake.

Hatua ya pili: kuitafuta hataza

Hifadhidata kubwa tatu ziko wazi kwa kila mtu na hazitozi ada: Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na Google Patents. Anayeanza huandika jina la kifaa katika kisanduku cha kutafutia, akapata matokeo machache yasiyofaa, akakata tamaa. Kosa si lake peke yake. Nyaraka hizi huandikwa kwa lugha ambayo haitumiwi sokoni. Zipu tunayoijua leo ililindwa na hataza ya Marekani namba 1,219,881 aliyopewa Gideon Sundback mwaka 1917, na ndani yake kifaa hicho hakiitwi zipu bali kifungio kinachotenganishika. Jina la zipu lilienea baadaye, katika miaka ya 1920, kupitia viatu vya mpira vya kampuni ya B.F. Goodrich. Anayetafuta kwa jina la sokoni hataipata.

Njia ya uhakika ni kutafuta kwa uainishaji. Chini ya Mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1971, hataza zote hupangwa katika makundi manane yenye herufi A hadi H, na kila kundi hugawanyika hadi kufikia vifungu vidogo sana. Zipu ziko A44B 19, cherehani ziko D05B, kufuli ziko E05B, gia ziko F16H, na vifaa vya kukazia kama skrubu na nati viko F16B. Utaratibu unaofaa ni huu: tafuta kwanza kwa maneno hadi upate hata hataza moja inayofanana na kifaa chako, soma alama yake ya uainishaji, kisha tafuta upya kwa alama hiyo. Ukishapata hataza mbili au tatu zilizo karibu kabisa, zifuate pande zote mbili: nyaraka za zamani zilizotajwa ndani yake, na nyaraka mpya zinazoitaja. Nimeona utafutaji wa siku nzima kwa maneno ukishindwa na nusu saa ya kufuata nyayo hizi.

Hatua ya tatu: ukurasa wa kwanza

Ukurasa wa kwanza una namba ndogo ndani ya mabano, ambazo ni zilezile katika nchi karibu zote, hata hataza ikiwa imeandikwa kwa Kijapani. Namba 54 huonyesha jina la uvumbuzi, 72 mvumbuzi, 73 mmiliki, 22 tarehe ya kuwasilisha ombi, 30 ombi la awali ambalo kipaumbele (haki ya kuhesabiwa tarehe ya ombi hilo) kinadaiwa kutokana nalo, 51 uainishaji, na 57 muhtasari.

Angalia pia herufi inayofuata namba ya waraka. Kwa kawaida A humaanisha ombi lililochapishwa tu, jambo ambalo hufanyika miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza, na B humaanisha hataza iliyokwisha kutolewa. Tofauti hii si ndogo. Madai yaliyomo katika ombi huwa mapana kama tamaa ya mwombaji, na mtahini wa ofisi ya hataza huyapunguza kabla ya kuyakubali. Mtu anayesoma waraka wenye A akadhani ni hataza kamili anaweza kuogopa ukuta ambao haukujengwa.

Hatua ya nne: michoro na maelezo

Chukua karatasi na kalamu. Kila sehemu katika mchoro ina namba, na namba hiyohiyo hurudi katika maelezo. Andika orodha yako mwenyewe: namba, jina ambalo mvumbuzi ameipa sehemu hiyo, na jina ambalo wewe ungeiita karakanani. Mvumbuzi anaweza kuandika kiungo cha kusukuma ambapo wewe ungesema wenzo, au chombo cha kuhifadhi nguvu ambapo unaona springi ya kawaida kabisa. Hafanyi hivyo kwa majivuno. Anatafuta neno pana litakalofunika pia namna nyingine za kufanya kazi ileile.

Baada ya orodha, fuata mwendo. Anza pale ambapo mkono au injini hutia nguvu, kisha uliza kila sehemu inasukuma nini, inazunguka kwenye mhimili gani, na nini huirudisha mahali pake. Kama kuna sehemu ambayo huwezi kueleza kazi yake, usiiruke, kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo iliyoitofautisha hataza na zile zilizotangulia.

Hatua ya tano: madai

Mwishoni mwa waraka, na mara chache mwanzoni, kuna sentensi zenye namba. Hizo ndizo madai, na ulinzi wote wa kisheria hupimwa kwazo. Maelezo na michoro husaidia kuyafasiri, lakini hayaongezi kitu ambacho hakikudaiwa. Kwa desturi kila dai huandikwa kama sentensi moja, hata likijaza ukurasa.

Tazama seng'enge ya miiba. Waya wenye miiba ulikuwa tayari umepewa hataza kadhaa kabla ya Joseph Glidden kupata ya kwake, namba 157,124, tarehe 24 Novemba 1874. Angedai waya wenye miiba kwa ujumla, angekataliwa mara moja. Alichodai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi kukikwepa: kipande kifupi cha waya kinachozungushwa kwenye uzi mmoja wa seng'enge, kisha kubanwa mahali pake na uzi wa pili uliosokotwa pamoja na wa kwanza, ili mwiba usiteleze wala usizunguke. Ushindani ulikuwa mkali, kesi zikaendelea kwa miaka mingi, na mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha hataza hiyo. Ukiutazama mchoro wa Glidden bila kusoma dai lake, utaona miiba. Ukisoma dai, utaona mbano.

Sasa tufanye zoezi kwa dai nililolitunga mwenyewe kuhusu kibanio cha nguo, kifaa ambacho karibu kila msomaji amewahi kukishika:

"Kibanio cha nguo chenye taya mbili ndefu za mbao na springi moja ya waya, ambapo mzingo wa springi hiyo hukaa katika mfuo uliochongwa upande wa ndani wa kila taya, na ncha za springi hupita upande wa nje wa taya na kuzikutanisha upande wa mbele, hata kubonyezwa kwa sehemu za nyuma za taya kukafungua sehemu za mbele."

Likate dai hili vipande vipande, kila sharti kwenye mstari wake: taya mbili ndefu, taya ni za mbao, springi ni moja, tena ya waya, mzingo wake hukaa ndani ya mfuo, mfuo uko katika kila taya, si moja tu, ncha hupita nje, kubonyeza nyuma hufungua mbele. Kanuni ni kwamba kifaa huingia ndani ya dai pale tu kinapokuwa na masharti yote. Kikikosa sharti moja, kiko nje kwa mujibu wa maneno ya dai.

Pima basi. Kibanio chenye masharti yote na juu yake ndoano ya kukitundikia kiko ndani, kwa sababu neno chenye liko wazi na kuongeza kitu hakukutoi. Dai lingesema kinachoundwa na sehemu hizo pekee, jibu lingekuwa tofauti, na ndiyo maana maneno hayo madogo ya kiungo yanastahili kusomwa mara mbili. Kibanio cha plastiki kiko nje kwa maneno, kwa sababu mwandishi alitaja mbao bila haja yoyote. Neno hilo moja ni zawadi kwa washindani wake wote. Je, kibanio chenye mfuo katika taya moja tu? Kwa maneno kiko nje, lakini hapa tahadhari inahitajika. Mahakama za nchi nyingi hutazama pia kama sehemu iliyobadilishwa inafanya kazi ileile, kwa namna ileile, na kuleta matokeo yaleyale. Ikiwa ndivyo, mabadiliko madogo ya ujanja hayatakuokoa. Anayetegemea tofauti nyembamba kama hiyo kufungua biashara amwone wakili wa hataza kabla ya kununua hata kilo moja ya waya.

Madai yanayofuata la kwanza kwa kawaida huwa tegemezi: "Kibanio kama kilivyodaiwa katika dai la 1, ambapo ncha za mbele za taya zina meno." Dai tegemezi ni finyu kuliko dai linalotajwa ndani yake. Ukiwa nje ya dai huru, yaani lisilotegemea dai jingine, uko nje ya yote yanayolitegemea, kwa hiyo tumia nguvu zako kwenye madai huru kwanza. Yanaweza kuwa zaidi ya moja, na mara nyingi moja huhusu kifaa, jingine namna ya kukitengeneza.

Hatua ya sita: kujua kama hataza bado ina nguvu

Hesabu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi, lakini usiishie hapo. Kwanza, hataza nyingi hufa mapema kwa kutolipiwa ada. Marekani hudai malipo baada ya miaka 3.5, 7.5 na 11.5 tangu hataza kutolewa, na nchi nyingine nyingi hutoza kila mwaka. Pili, hataza za zamani za Marekani zilihesabiwa miaka 17 tangu kutolewa, na zile ambazo maombi yake yaliwasilishwa kabla ya tarehe 8 Juni 1995 zilipewa muda ulio mrefu kati ya hesabu hizo mbili. Tatu, hali inayoonyeshwa na tovuti za kutafutia ni makadirio. Ukweli uko katika rejista ya ofisi ya hataza ya nchi husika.

Jambo la nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Hataza huishia mpakani. Hakuna hataza ya dunia nzima, na uvumbuzi usiolindwa katika nchi fulani uko huru kutengenezwa humo, ingawa bidhaa hiyo haiwezi kupelekwa kuuzwa kule ambako inalindwa. Kumbuka vilevile kwamba hataza ikiisha, jina la biashara linaweza kubaki. Hataza za George de Mestral, aliyebuni kifungio cha ndoano na vitanzi vya nailoni, zilikwisha zamani na kila kiwanda kinaweza kutengeneza kifungio hicho, lakini jina Velcro bado ni alama ya biashara yenye mwenyewe.

Hatua ya saba: kuingia karakanani

Usitarajie vipimo. Mvumbuzi mwenye busara hataji milimita pasipo ulazima, kwa sababu kipimo kikiingia katika dai huwa kamba shingoni mwake. Utalazimika kuvipata mwenyewe, na njia rahisi ni kutengeneza mfano wa kadibodi ngumu uliounganishwa kwa pini, ukubwa mara mbili au tatu ya kifaa halisi. Mfano wa kadibodi hautabeba mzigo, lakini utakuonyesha pale ambapo wenzo unagonga fremu, au pale ambapo mwendo hufika nukta ya kati na kukwama. Mimi niliwahi kukata chuma kabla ya kadibodi, nikagundua baada ya siku mbili kwamba shimo la mhimili lilitakiwa kuwa upande wa pili wa springi. Chuma kile bado ninakitumia kuzuia mlango.

Baada ya kadibodi fuata mbao, kisha chuma, na katika kila hatua badilisha jambo moja tu kwa wakati. Andika ulichobadilisha na kilichotokea.

Kuna mambo ambayo hataza haiyasemi kwa sababu mvumbuzi mwenyewe hakuyajua. Mwaka 1888 John Loud alipata hataza ya Marekani kwa kalamu yenye kijitufe kinachozunguka nchani, akikusudia kuandikia juu ya ngozi na vitu vingine vyenye uso mkwaruzo. Wazo la kijitufe lilikuwa sahihi kabisa, lakini kalamu hiyo haikufaa kuandikia karatasi na haikufanikiwa sokoni. Nusu karne baadaye László Bíró, akisaidiwa na nduguye György, aliifikisha mahali pa kutumika, na kilichoamua mambo kilikuwa wino wenye uzito unaofaa pamoja na kijitufe kinachokaa katika tundu lake bila kulegea wala kubana. Hivyo, mfano wako ukigoma ilhali umefuata michoro yote, kabla ya kumlaumu mvumbuzi chunguza vitu vitatu: nyenzo, nafasi kati ya sehemu zinazosuguana, na kilainishi au majimaji yanayopita ndani.

Swali la kisheria huja hapa pia. Nchi nyingi huruhusu kujaribu uvumbuzi uliolindwa kwa utafiti au kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, lakini mipaka hutofautiana, na Marekani ni finyu sana. Kwa kujifunza, hataza zilizokwisha muda ndizo salama zaidi, na ni nyingi kuliko utakavyoweza kuzisoma maishani.

Hatua ya nane: kuzunguka, au kupita mlango mwingine

Ukikuta hataza hai mbele yako, usikimbilie kuacha. James Watt alipotaka injini yake ya mvuke izungushe magurudumu ya viwanda, njia nyepesi ilikuwa kutumia kranki (mkono uliopinda unaogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko), lakini matumizi ya kranki katika injini za mvuke yalikuwa chini ya hataza ya James Pickard ya mwaka 1780. Watt alijibu kwa hataza yake ya mwaka 1781, ambamo gia moja huizunguka nyingine kama sayari inavyolizunguka jua, mpango unaohusishwa na mfanyakazi wake William Murdoch. Mashine ilizunguka, tena kwa kasi maradufu ya ile ambayo kranki ingetoa. Hataza ya Pickard ilipokwisha mwaka 1794, kranki ilirudi. Funzo la kiufundi ni kurudi kwenye orodha ya masharti ya dai, kuchagua lile ambalo kifaa kinaweza kuishi bila hilo, na kulibadilisha kutoka mzizini.

Mlango mwingine ni mashine inayotengeneza bidhaa. Kibanio cha karatasi chenye umbo la Gem, kile cha waya uliopindwa mara tatu, chenyewe hakikuwahi kupewa hataza. William Middlebrook alipata hataza mwaka 1899 kwa mashine ya kukipinda. Margaret Knight naye hakubuni mfuko wa karatasi wenye kitako bapa. Alibuni mashine ya kuukunja na kuugundisha, kazi iliyofanywa kwa mikono hadi wakati huo. Kwa mwenye karakana ndogo ninaona upande huu una nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa bidhaa rahisi imekwisha kubuniwa mara mia, na namna ya kuitengeneza kwa haraka bila upotevu bado ina mapengo.

Hatua ya tisa: pale unapokuwa na kitu kipya

Kisa cha Knight kina sehemu ya pili. Mashine yake ilipokuwa ikitengenezwa karakanani mjini Boston, mtu aitwaye Charles Annan aliiona na akawahi kuombea hataza. Knight alimpinga na akashinda, akapewa hataza namba 116,842 mwaka 1871, kwa sababu alikuwa na michoro, mifano na mashahidi. Leo nchi karibu zote humpa hataza aliyetangulia kuwasilisha ombi, kwa hiyo daftari lenye tarehe bado lina faida lakini kinga ya kwanza ni kunyamaza. Katika Ulaya na nchi nyingine nyingi, kukionyesha kifaa hadharani siku moja tu kabla ya kuwasilisha ombi kunaua upya wake, yaani hakihesabiwi tena kuwa kitu kipya. Marekani hutoa mwaka mmoja wa nafuu. Fundi wa nje unayempa kazi asaini mkataba wa kutunza siri kwanza.

Ombi la kwanza likiwasilishwa, Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine ukiwa na tarehe ileile ya kipaumbele. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970, unapata miezi 30 au zaidi kidogo, kuanzia tarehe hiyohiyo ya kipaumbele, kabla ya kulipia nchi mojamoja.

Kabla ya kumpelekea wakili, andika dai lako mwenyewe kwa sentensi moja, kama lile la kibanio cha nguo, kisha mpe fundi hodari uliyemsainisha mkataba wa siri na umwombe atengeneze kifaa kinachofanya kazi ileile bila kuingia ndani ya maneno yako. Akirudi kesho yake na kifaa cha plastiki, ufute neno mbao na umpe tena.